Baada ya kuondolewa titi, usiustaafishe mkono

USIBEBE kitu kizito tena maishani. Huo ndio ushauri ambao wanawake wengi waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti wamekuwa wakirudi nao nyumbani. Aghalabu hutolewa kwa nia njema, mara na muuguzi, mara na jirani, mara na shangazi aliyewahi kumwuguza mgonjwa mwingine miaka mingi iliyopita. Mama huyo hupokonywa ndoo ya maji, kikapu cha sokoni na hata mtoto wake mwenyewe. Mkono wa upande uliopasuliwa hukunjwa kifuani na kulindwa kama yai.

Ushauri huo una asili yake, lakini leo inajulikana kwamba ukifuatwa bila kuuliza maswali unaweza kuleta madhara. Bega lisilotumika hukakamaa. Misuli isiyofanya kazi hunyong'onyea. Na siku mkono huo utakapolazimika kufanya kazi, ndipo utakapoumia. Siku hiyo itafika tu, kwa sababu maji yatakatika mtaani, na jerikeni ya lita 20, yenye uzito wa kilo 20, haitauliza ni mkono upi uliopasuliwa.

Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake nchini Kenya. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yalionyesha karibu visa 6,800 vipya katika mwaka 2020 pekee. Wengi wa wanawake hao wangali katika umri wa kutafuta riziki. Msusi wa nywele hushinda mikono ikiwa juu. Mama anayeuza mboga hubeba magunia kutoka Marikiti au Kongowea. Mfanyakazi wa ofisini naye hushika chuma cha matatu juu ya kichwa chake asubuhi na jioni. Kwa watu hawa, mkono ndio mtaji.

Ikiwa wewe msomaji umepitia upasuaji huo, au unamwuguza aliyeupitia, yafuatayo ni maelezo ya jinsi ya kuurejesha mkono kazini na mwili mazoezini, hatua kwa hatua. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia kujua la kumwuliza.

Kilichoguswa na kisu

Kwanza yafaa kufahamu ni nini hasa kilichotendeka. Mara nyingi daktari haishii kwenye titi. Huingia pia kwapani na kuondoa tezi, ili zichunguzwe kama saratani imefika huko. Pengine huondoa tezi moja hadi tatu tu, zile ambazo hupokea maji kutoka kwenye titi kabla ya nyingine. Pengine hulazimika kuondoa tezi kumi au zaidi.

Tezi hizo zina kazi. Damu inapozunguka mwilini, sehemu ya maji yake hupenya na kubaki kwenye nyama. Maji hayo, yaitwayo limfu, hukusanywa na mishipa myembamba na kurudishwa kwenye damu, yakichujwa na tezi njiani. Tofauti na damu, limfu haina moyo wa kuisukuma. Kinachosaidia mno kuisogeza ni misuli inapojikaza na kulegea, pamoja na pumzi tunayovuta.

Tezi za kwapani zinapoondolewa, au zinapochomwa na mionzi, ni kama barabara kuu iliyofungwa. Magari hayasimami, bali hutafuta njia za panya. Siku za kawaida njia hizo hutosha. Lakini magari mengi yakimiminika kwa ghafla, msongamano hutokea. Vivyo hivyo, mkono unaweza kujaa maji na kuvimba, iwe ni baada ya miezi michache au hata miaka kadhaa. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyeondolewa tezi nyingi, aliyepigwa mionzi ya kwapani na aliye na unene uliopita kiasi.

Hofu ya uvimbe huo ndiyo iliyozaa agizo la kutobeba kitu.

Hofu ilianzia wapi?

Mwaka 1894 daktari wa Marekani, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha maelezo ya upasuaji wake wa saratani ya matiti. Aliondoa titi lote, tezi zote za kwapani na misuli ya kifua iliyo chini yake. Upasuaji wa aina hiyo ulitawala duniani kwa miongo mingi. Wanawake wengi waliofanyiwa walibaki na kifua kilichobonyea, bega zito na mkono uliovimba. Halsted mwenyewe aliandika kuhusu uvimbe huo mwaka 1921 na kuulinganisha na matende.

Kwa mgonjwa wa aina hiyo, onyo la kutobeba mizigo lilieleweka. Lakini upasuaji umebadilika. Kuanzia miaka ya 1970, utafiti ulionyesha kwamba kukata sana hakumwongezei mgonjwa maisha kuliko kukata kwa kiasi. Siku hizi msuli mkuu wa kifua huachwa mahali pake katika upasuaji mwingi, na wagonjwa wengi hawaondolewi tezi zote. Upasuaji ulibadilika, lakini onyo lilibaki lilivyokuwa.

Aliyelitilia shaka hadharani alikuwa Don McKenzie, daktari wa michezo katika chuo kikuu cha British Columbia, Kanada. Mwaka 1996, mjini Vancouver, aliwakusanya wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti. Aliwafanyisha mazoezi, kisha akawaingiza katika mashua ndefu ya asili ya Kichina inayoendeshwa kwa kafi. Kupiga kafi ni kazi ngumu ya mikono na kifua, tena ya kurudiarudia, yaani hasa kile walichokuwa wamekatazwa. Wanawake hao walishindana majini, na hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya.

Wanawake 24 ni wachache kutoa hukumu. Kwa hiyo mtafiti Kathryn Schmitz na wenzake wa chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliichukua hoja hiyo na kuipima kwa vyuma. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, na kundi la pili liliendelea na maisha yake ya kawaida. Mikono ya walionyanyua haikuvimba zaidi kuliko ya wenzao. Isitoshe, hali ya mkono kuchachamaa ghafla iliwapata asilimia 14 ya walionyanyua, ikilinganishwa na asilimia 29 ya wale wengine.

Mwaka 2010 wakachapisha matokeo ya wanawake 154 ambao hawakuwa na uvimbe ila walikuwa katika hatari ya kuupata. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 11 ya walionyanyua vyuma walikuwa wamevimba, na asilimia 17 ya wasionyanyua. Miongoni mwa walioondolewa tezi 5 au zaidi, idadi ilikuwa asilimia 7 dhidi ya asilimia 22. Utafiti huo ulikusudiwa kuonyesha kwamba vyuma havidhuru, na hilo ulilionyesha.

Lakini angalia vizuri jinsi wanawake hao walivyofanya. Walianza na uzito mdogo mno. Waliongeza kidogo kidogo. Walisimamiwa na wakufunzi kwa wiki 13 za mwanzo, na wenye uvimbe walivaa kitambaa cha kubana mkono wakati wa mazoezi. Siri haikuwa ujasiri, bali utaratibu.

Wiki ya kwanza

Mazoezi huanza siku ya pili ya upasuaji, kitandani. Vuta pumzi ndefu, ishushe tumboni, kisha itoe polepole. Fumba na kufumbua ngumi. Kunja na kunyoosha kiwiko. Pandisha mabega kuelekea masikio na kuyashusha. Inuka utembee, kwanza ukumbini mwa wodi, baadaye uani na mtaani. Miguu yako haikupasuliwa, na kutembea husaidia kuzuia damu kuganda na husaidia mapafu kufanya kazi.

Tumia mkono wa upande uliopasuliwa kula, kunawa uso na kupiga mswaki. Lakini katika siku 7 za mwanzo usiuinue kupita usawa wa bega. Kuuinua mapema mno kunaweza kuzidisha maji yanayokusanyika chini ya kidonda. Unapolala, uegemeze juu ya mto. Kama umewekewa mrija wa kutoa maji, tazama usivutike unapotembea.

Katika kipindi hiki usinyanyue jerikeni, usifue nguo nzito, usisonge ugali wa watu wengi na usimbebe mtoto mgongoni. Mtoto anaweza kuletwa mapajani ukiwa umeketi.

Baada ya siku 7 hadi 10

Kidonda kikiwa kinakauka vizuri na daktari akikubali, ni wakati wa kulifungua bega. Utafiti uliofanywa Uingereza katika hospitali 17, ukihusisha wanawake 392 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata matatizo ya bega, ulichapishwa mwaka 2021. Ulionyesha kwamba walioanza mazoezi maalumu siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, wakiongozwa na wataalamu wa tiba ya viungo, waliweza kutumia mikono yao vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko waliopewa kijikaratasi cha maelezo tu.

Mazoezi matatu yafuatayo hayahitaji kifaa chochote cha kununua.

La kwanza ni kupanda ukuta. Simama ukiutazama ukuta, weka vidole juu yake, uvitembeze kwenda juu hadi uhisi mvuto. Hesabu hadi tano, kisha uvishushe polepole. Tia alama ya penseli mahali ulipofika. Alama ya kesho ikipita ya leo, hata kwa upana wa kidole, umeshinda.

La pili ni la mpini wa ufagio. Lala chali, shika mpini kwa mikono miwili, uupandishe kuelekea nyuma ya kichwa. Mkono mzima uusaidie ule ulioumia.

La tatu ni la viwiko. Ukiwa umelala chali, weka viganja nyuma ya kisogo, kisha ufungue viwiko kuelekea godoro na kuvirudisha.

Rudia kila zoezi mara 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku. Kuvutika ni sawa. Maumivu makali si sawa. Wengine huona kitu kama kamba nyembamba zilizokaza kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko. Usitishike, kwani jambo hilo ni la kawaida baada ya tezi kuondolewa, na kunyoosha mkono kwa upole huisaidia kamba hiyo kulegea. Ila mwonyeshe mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kuna sababu nyingine ya kutolegea hapa. Ikiwa umepangiwa tiba ya mionzi, aghalabu utalazwa chini ya mtambo huku mkono ukiwa juu ya kichwa, bila kutikisika. Bega lililokakamaa haliwezi kukaa hivyo. Kuna wagonjwa ambao tiba yao huchelewa kwa sababu hiyo tu, na saratani si maradhi ya kuongezewa muda.

Kurudi kwenye vyuma

Kwa kawaida wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimefunga na bega likisogea vyema, daktari anaweza kukuruhusu kuanza mazoezi ya nguvu. Kama umepewa tiba nyingine au kidonda kilichelewa kupona, muda utakuwa mrefu zaidi. Mwulize waziwazi: Je, naruhusiwa kunyanyua? Kuna kitu maalumu katika mwili wangu ninachopaswa kujihadhari nacho?

Swali hilo la pili lina uzito. Saratani ikiwa imefika mifupani, mzigo usiofaa unaweza kuvunja mfupa. Baadhi ya dawa za saratani huweza kuudhoofisha moyo, na nyingine hutia ganzi vidoleni kiasi cha kuangusha chuma. Hayo hayakuzuii kufanya mazoezi yote, lakini hubadilisha aina yake.

Sio lazima uwe na pesa za jimu. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa nusu kilo. Chupa ya lita moja ni kilo moja. Pakiti ya unga ni kilo mbili. Hivyo tayari una ngazi ya kupandia jikoni mwako.

Mazoezi matano yanatosha kwa mwanzo. Sukuma ukuta: simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, kunja viwiko ukiusogelea, kisha ujisukume urudi. Vuta: inama kidogo ukiegemea meza kwa mkono mmoja, shika chupa kwa ule mwingine, ukivute kiwiko nyuma karibu na mbavu. Kunja kiwiko ukiwa na chupa mkononi. Inua mkono ubavuni hadi usawa wa bega na kuushusha. Mwisho, keti kwenye kiti na kuinuka bila kujishikilia, kwa ajili ya miguu na mgongo.

Fuata kanuni hizi tano:

1. Anza na nusu kilo, au mkono mtupu. Rudia kila zoezi mara 10, pumzika, kisha urudie tena mara 10. Usibane pumzi.

2. Fanya mara mbili kwa wiki, ukiacha angalau siku moja ya mapumziko katikati.

3. Mikono yote miwili ibebe uzito ule ule, na anayeamua uzito ni mkono ulio dhaifu.

4. Ongeza nusu kilo tu, na iwe baada ya kufanya mazoezi mara mbili bila mkono kubadilika. Hakuna kikomo kilichowekwa cha juu. Kikomo ni jinsi mkono unavyoitikia.

5. Ukikosa mazoezi kwa zaidi ya wiki moja, kwa ugonjwa, safari au dawa, usirudi pale ulipoachia. Shuka ngazi moja au mbili, kisha uanze kupanda tena.

Kanuni ya tano ndiyo ivunjwayo zaidi. Mtu aliyekuwa amefika kilo nne hulala wiki mbili kwa sababu ya dawa, akaamka siku moja akiona ana nguvu, akachukua kilo nne zake. Misuli imesahau, ijapokuwa yeye hajasahau.

Kama ulizoea jimu kabla ya kuugua, mweleze mkufunzi ukweli kuhusu upasuaji wako. Usimwache abahatishe. Ukiona haya kubadilisha nguo mbele ya wengine, njoo ukiwa umevaa tayari. Vaa sidiria laini isiyo na waya, yenye kamba pana zisizokata bega. Anayetumia titi la kitambaa lililojazwa pamba alishikize vizuri lisihame anapoinama.

Pamoja na vyuma, tembea. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Nusu saa kwa siku, siku tano, inakutosha. Kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kwako ni mwanzo mzuri.

Je, kazi za nyumbani hazitoshi?

Hili ni swali la haki. Mama anayefua, kudeki na kuteka maji atauliza kwa nini anyanyue chupa ya maji kana kwamba hana kazi. Jibu ni kwamba kazi ya nyumbani haipandi ngazi. Leo ni kikombe, kesho ni jerikeni. Mtungi wa gesi uitwao wa kilo 6 unazidi sana kilo hizo, kwa maana chuma chenyewe nacho kina uzito wake. Mazoezi yaliyopangwa huutayarisha mkono ili mizigo hiyo isiushtue.

Wakati unapanda ngazi yako, gawanya mizigo. Jaza jerikeni nusu. Beba mifuko miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, mmoja kwa kila mkono. Fua nguo chache kila siku badala ya kurundika za wiki nzima. Anayesuka nywele aketi mteja chini zaidi, na kila baada ya muda ateremshe mikono, akunje na kukunjua ngumi.

Linda pia ngozi ya mkono huo, kwa kuwa kidonda kidogo kinaweza kuingiza vijidudu. Vaa glavu unapolima au kusugua sufuria, shika sufuria ya moto kwa kitambaa kinene, na ukijikata, safisha kwa maji na sabuni papo hapo.

Aliyewekewa titi la bandia

Wapo waliotengenezewa titi jipya baada ya upasuaji, na wapo wasio na saratani kabisa waliochagua kuongeza ukubwa wa matiti yao. Kwa wote hawa, kutembea huanza mapema vilevile, lakini kifua huhitaji subira zaidi.

Mwulize daktari wako mfuko wa silikoni umewekwa wapi. Ukiwa juu ya msuli wa kifua, msuli wenyewe haukuguswa sana. Ukiwa chini yake, msuli huo umeinuliwa na kwa kawaida sehemu yake imekatwa, na kila unapoukaza huugandamiza mfuko na unaweza kuusogeza. Hivyo mazoezi ya miguu hurudi kwanza, mgongo na mikono hufuata kwa uzito mdogo, na ya kusukuma kwa kifua huja mwisho. Madaktari wengi hutaka zipite wiki 6 au zaidi kabla ya mazoezi hayo ya mwisho. Kukimbia na kuruka nako hungoja hadi ruhusa itolewe, tena kwa sidiria ya michezo inayoshika barabara. Kama titi limejengwa kwa nyama iliyotolewa tumboni au mgongoni, mahali hapo napo ni kidonda, na patahitaji ratiba yake.

Mkono unaposema basi

Nunua utepe wa fundi wa cherehani. Mara moja kwa mwezi, pima mikono yote miwili mahali pale pale: kwenye kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake. Andika vipimo daftarini. Ni vyema uanze kabla ya upasuaji, kwa sababu kwa watu wengi mkono mmoja ni mnene kidogo kuliko mwingine.

Tofauti ikizidi ilivyokuwa kwa sentimita 2, au ukihisi mkono umekuwa mzito, pete au bangili imebana, au mkono wa blauzi haupiti kama zamani, simamisha vyuma na umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Uvimbe ukigunduliwa mapema hutulizwa kwa urahisi zaidi, kwa kitambaa cha kubana, utunzaji wa ngozi na mazoezi maalumu. Ukiachwa, nyama hukakamaa, na kuurudisha nyuma huwa kazi ngumu.

Usingoje hata siku moja ikiwa mkono umekuwa mwekundu na wa moto, ikiwa kidonda kinatoa usaha, au ikiwa una homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa unapotumia dawa za saratani. Hayo ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua na kukosa pumzi ni vivyo hivyo.

Neno kwa jamaa

Mume, watoto, dada na mawifi wana sehemu yao. Katika wiki za mwanzo, msaada wao ni wa lazima: maji yatekwe, nguo zifuliwe, mtoto abebwe. Lakini msaada usio na mwisho hugeuka kifungo. Mwanamke anayepokonywa kila kitu mkononi huanza kuamini kwamba amekwisha, ilhali daktari amekwisha kumruhusu aanze.

Kwa hiyo muulizeni amefika ngazi gani. Akisema kilo mbili, mwacheni abebe pakiti yake ya unga kutoka dukani, hata kama ninyi mnaweza kuibeba kwa kidole kimoja. Mwezi ujao atabeba mbili. Wala msisahau kwamba maradhi haya huwapata wanaume pia, takriban mmoja kati ya wagonjwa mia. Mwanamume aliyeondolewa titi anahitaji ratiba iyo hiyo, na huenda yeye ndiye atakayeona haya zaidi kuanza na chupa ya nusu lita.

Haba na haba hujaza kibaba. Usiruke ngazi, na usikae chini kabisa. Safari ijayo utakapokwenda kliniki, usimwulize daktari kama utabeba tena, bali mwulize uanze na kilo ngapi.